Kutoka Ofisini hadi Darasani: Historia ya Somo la Mifumo ya Taarifa ya Kompyuta

1. Utangulizi

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, vijana wengi wa Lubumbashi, Bukavu, Goma na Kisangani hujiandikisha katika somo ambalo Kifaransa huliita informatique de gestion, na ambalo kwa Kiswahili linaweza kuitwa somo la mifumo ya taarifa ya kompyuta. Mzazi anayelipa karo hudhani kwamba mtoto wake anakwenda kujifunza mashine. Mtoto mwenyewe hudhani hivyo hivyo. Lakini mara nyingi zoezi linalompa shida kuliko yote halihitaji mashine. Mwalimu huandika ubaoni sentensi chache: hospitali fulani hupokea wagonjwa, kila mgonjwa huchunguzwa na daktari mmoja au zaidi, kila uchunguzi huandikwa katika daftari. Kisha huuliza: mgonjwa ni nani? Je, aliyekuja mara moja akaenda zake ni mgonjwa? Mtoto aliyezaliwa usiku wa jana akiwa mzima ni mgonjwa? Aliyerudi baada ya miaka mitatu ni mgonjwa yule yule au ni mwingine?

Hayo ni maswali ya maana ya maneno. Mwanafunzi wa isimu angeyatambua kuwa yake. Hata hivyo, katika vyuo vyetu, wanaosoma kompyuta na wanaosoma lugha hukaa katika majengo tofauti na ni nadra kukutana. Makala haya yanafuatilia historia ya somo hilo tangu lilipozaliwa katika ofisi za wafanyabiashara hadi lilipoingia katika vyuo vya Kongo. Yanakusudia kuonyesha kwamba, toka mwanzo, kiini cha somo hilo kilikuwa mapatano ya watu kuhusu majina ya vitu vyao, na kwamba pale mapatano hayo yalipodharauliwa, mashine peke yake haikuweza kuokoa kazi.

2. Kampuni ya chai iliyounda kompyuta

Kompyuta za kwanza zilizaliwa kwa ajili ya hesabu za vita na za sayansi. ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani nchini Marekani mwaka 1946, ilikuwa imekusudiwa kukokotoa majedwali ya kulengea mizinga. Baadhi ya waliouliza mapema kama mashine ya aina hiyo ingeweza kufanya kazi za karani hawakuwa wanasayansi, wala hawakuwa watengenezaji wa mashine za ofisi. Walikuwa viongozi wa J. Lyons & Co., kampuni ya Uingereza iliyooka mikate na keki, ikauza chai, na kuendesha mikahawa zaidi ya 200.

Biashara ya namna hiyo ina tabia yake: faida ya kikombe kimoja cha chai ni ndogo sana, lakini karatasi zinazokifuata ni nyingi. Kila siku kulikuwa na hesabu za unga, za siagi, za mishahara, za magari ya kusambaza mikate. John Simmons, mwanahisabati aliyeajiriwa na Lyons mwaka 1923, alikuwa ametumia miaka mingi kuchunguza jinsi makarani walivyofanya kazi na kutafuta njia ya kuipunguza. Mwaka 1947 kampuni iliwatuma wakuu wake wawili, Raymond Thompson na Oliver Standingford, kwenda Marekani kuangalia maendeleo ya kazi za ofisi. Huko walimwona Herman Goldstine, mmoja wa watu wa ENIAC, naye akawaambia kwamba katika nchi yao wenyewe, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Maurice Wilkes alikuwa akijenga mashine kama hiyo. Walikuwa wamevuka bahari kutafuta kilichokuwa jirani yao.

Lyons iliisaidia Cambridge kwa fedha na kwa fundi. Mashine ya Cambridge, EDSAC, ilifanya kazi yake ya kwanza mwezi Mei 1949. Kwa kuifuata, Lyons ikajenga ya kwake na kuiita LEO. Mwishoni mwa Novemba 1951 LEO ilianza kukadiria kila juma thamani ya mikate na keki zilizotoka katika majiko ya kampuni. Kazi hiyo huhesabiwa na wanahistoria wengi kuwa ya kwanza ya kawaida ya ofisi kufanywa na kompyuta. Mwaka 1954 ikafuata kazi ya mishahara. Inaelezwa kwamba hesabu ya mshahara wa mtu mmoja, ambayo karani mzoefu aliifanya kwa dakika 8, LEO iliimaliza kwa sekunde moja na nusu.

Kasi hiyo iliwavutia waandishi wa magazeti, lakini jambo la maana zaidi kwa historia ya elimu lilikuwa kwingine. Kabla ya kuandika hata amri moja ya mashine, watu wa Lyons, wakiongozwa na David Caminer, walikaa na makarani na wasimamizi, wakaandika nani anampa nani karatasi ipi, kwa sababu gani, na nini hutokea karatasi isipofika. Katika kazi ya kupelekea mikahawa vyakula, kwa mfano, waligundua kwamba haikuwa lazima kila msimamizi wa mkahawa ajaze upya orodha nzima kila siku. Orodha ya kawaida iliwekwa katika mashine, na msimamizi alipigiwa simu ili ataje tofauti tu: leo ongeza hiki, punguza kile. Kazi ya siku nzima ikapungua kwa sababu mtu aliuliza swali jema kabla ya kuigusa mashine. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuitwa mchambuzi wa mifumo.

3. Lugha ya karani na lugha ya mashine

Wakati huo huo, nchini Marekani, swali la lugha lilijitokeza waziwazi. Mwanahisabati Grace Hopper, aliyewahi kutumikia jeshi la wanamaji, alikuwa akifanya kazi katika kampuni iliyotengeneza kompyuta za UNIVAC. Aliona kwamba wanahisabati huridhika na alama, lakini watu wa biashara hawataki kuandika hesabu zao kwa alama. Wanataka kuziandika kwa maneno. Kwa nini basi mashine isipewe maneno, kisha yenyewe iyageuze kuwa alama zake?

Katikati ya miaka ya 1950, Hopper na wenzake walitengeneza mfano wa programu inayopokea amri zilizoandikwa kwa maneno ya Kiingereza. Alisimulia mwenyewe mwaka 1978 kwamba, ili kuwaonyesha wakuu wa kampuni kuwa mashine haijali ni maneno gani, aliwaandikia amri zile zile pia kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Kwa mashine hapakuwa na tofauti yoyote, kwani neno lilikuwa mfuatano wa herufi tu. Lakini wakuu waliingiwa na wasiwasi: mashine ya Kimarekani ielewe vipi Kifaransa? Ilimchukua miezi kadhaa kuwatuliza kwa kuwahakikishia kwamba programu ingetumia Kiingereza peke yake.

Kisa hicho hustahili kukumbukwa kila inaposemwa kwamba lugha zetu haziwezi kuingia katika kompyuta. Kizuizi hakikuwa katika vyuma. Kiliwekwa na watu, katika mkutano, kwa sababu za mazoea.

Kazi hiyo ndiyo iliyoandaa njia ya COBOL, lugha ya programu kwa ajili ya biashara. Mwezi Mei 1959 wawakilishi wa serikali ya Marekani, wa makampuni yaliyotumia kompyuta na wa yale yaliyozitengeneza walikutana Pentagon na kukubaliana kwamba iwepo lugha moja itakayosomeka katika mashine zote. Maelezo yake yalitolewa mwaka 1960, na mwezi Desemba mwaka huo programu ile ile ilifanya kazi katika kompyuta mbili za watengenezaji tofauti. Kwa miongo kadhaa COBOL ikawa chakula cha kila siku cha mwanafunzi wa mifumo ya taarifa. Kijana aliyeisoma alilazimika kuligawa kila jambo mafungu: hapa panatajwa vitu na majina yake, kule panatajwa yatakayotendwa juu ya vitu hivyo. Mpangilio huo ulimfundisha, pengine bila kumwambia, kwamba jina huja kabla ya tendo.

4. Vyuo vikuu vinafungua mlango

Vyuo havikuipokea elimu hii kwa hiari tupu. Biashara ilisukuma mlango. Kampuni ya IBM ilipoanza kuuza kompyuta yake ya aina ya 650 mwaka 1954, ilivipa vyuo vikuu punguzo la bei lililoweza kufikia asilimia 60, kwa sharti kwamba chuo kifundishe masomo ya kompyuta, yakiwemo ya shughuli za biashara. Kwa njia hiyo vyuo vingi vya Marekani vilipata mashine na somo kwa pamoja, kabla ya kupata waalimu waliosomea jambo hilo. IBM nayo ilijua inachokifanya: kijana aliyezoea mashine fulani shuleni ataitafuta mashine hiyo hiyo kazini.

Lakini somo halifanywi na mashine. Lilihitaji watu walioulizana: sisi tunafundisha nini hasa? Majibu matatu yalitolewa karibu wakati mmoja, katika miaka ya 1960.

La kwanza lilitoka Uingereza. Mwaka 1967 chuo cha London School of Economics kilimwita Frank Land aanzishe mafundisho na utafiti katika uchambuzi wa mifumo. Land alizaliwa Berlin mwaka 1928 na akafika Uingereza akiwa mtoto mkimbizi; mwaka 1952 alikuwa ameingia Lyons, akafanya kazi na LEO. Alileta darasani mazoea ya ofisi: kuwasikiliza watu kwanza, kuchora njia za karatasi, na kujaribu kazi mpya sambamba na ya zamani mpaka aaminike. Kwa hiyo mstari unaotoka katika majiko ya mikate hadi katika chumba cha mihadhara ni mstari ulionyooka.

Jibu la pili lilitoka katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ambako Gordon Davis na wenzake walianzisha mwaka 1968 mafunzo ya shahada za juu katika mifumo ya taarifa za uongozi. Huko somo liliwekwa katika kitivo cha biashara, likiwa jirani ya uhasibu. Kitabu cha Davis cha mwaka 1974 kiliwaongoza wanafunzi wengi, na mwaka 1977 chuo hicho kikaanzisha jarida la MIS Quarterly. Katikati ya hayo, mwaka 1972, chama cha ACM kilichapisha mapendekezo ya mtaala wa shahada za juu kwa ajili ya wataalamu wa mifumo ya taarifa. Hapo somo lilipata cheti cha kuzaliwa: likatambuliwa kuwa si sayansi ya kompyuta, kwa sababu sayansi hiyo huuliza mashine inaweza nini, wala si uhasibu, bali elimu ya jinsi watu katika taasisi wanavyojulishana mambo kwa msaada wa mashine.

Jibu la tatu, ambalo kwa mwanaisimu lina ladha kuliko yote, lilitoka Sweden. Börje Langefors, aliyetoka katika kiwanda cha ndege cha Saab na kuja kufundisha Stockholm, alitofautisha data na taarifa kwa kanuni fupi: I = i(D, S, t). Maana yake ni kwamba taarifa anayoipata mtu hutegemea mambo matatu: data iliyoandikwa, ujuzi aliokuwa nao msomaji kabla ya kuisoma, na muda alionao wa kuifasiri. Data moja mbele ya watu wawili si taarifa moja. Nambari 38 katika karatasi ya hospitali ni homa kwa muuguzi. Kwa mhasibu huenda ikawa ni idadi ya vitanda. Hivyo basi, kuhifadhi data ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba anayeandika na anayesoma wana ulimwengu mmoja wa maana. Mwanafunzi wa fasihi au wa semantiki hatashangazwa na fundisho hilo, ila atashangaa kulikuta katika misingi ya somo la kompyuta.

5. Sauti za onyo

Haikupita muda kabla ya wenye busara kutoa tahadhari. Mwaka 1967 Mmarekani Russell Ackoff aliandika makala yaliyowachoma wengi. Alidai kwamba viongozi hawateseki kwa kukosa taarifa muhimu tu, bali huteseka zaidi kwa wingi wa taarifa zisizo na kazi. Na kwamba kumpa kiongozi kila anachokiomba si kumsaidia, maana asiyeielewa kazi yake vizuri huomba kila kitu kwa hofu ya kukosa kimoja.

Katika Ulaya ya kaskazini onyo lilikuwa na upande wa kijamii. Nchini Norway, mapema katika miaka ya 1970, Kristen Nygaard alifanya kazi pamoja na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wafanyakazi wenyewe wajifunze kompyuta zitawafanyia nini kabla hazijaletwa kiwandani. Huko Manchester, Enid Mumford, aliyekuwa amechunguza maisha ya wachimba makaa na wafanyakazi wa bandari, alifundisha kwamba mfumo mzuri hubuniwa pamoja na wale watakaoutumia. Wote wawili walisema jambo moja kwa njia mbili: anayefanya kazi kila siku analo jina la kila kitu katika kazi hiyo, na majina hayo yana ujuzi ndani yake. Mtaalamu akija na majina yake mwenyewe na kuyatupa yale ya wafanyakazi, ametupa ujuzi pamoja na majina.

Afrika Mashariki ilionja uchungu wa jambo hilo mapema. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilikabidhiwa mashine wakati wataalamu wa kuichunguza na kuisahihisha walikuwa wachache mno nchini. Matatizo yakalimbikizana, gharama zikapanda, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, na vyuo vya nchi hiyo vikaanza kuwafunza wataalamu wao. Wengine huicheka marufuku ile kama uoga wa maendeleo. Ingefaa isomwe kwa huruma zaidi: nchi iligundua kwamba imenunua mashine kabla ya kununua elimu yake, na kwamba mashine isiyo na watu wa kuihoji huwa bwana badala ya mtumishi.

6. Njia ya Kifaransa hadi Kongo

Vyuo vya Kongo havikuupokea mkondo huu moja kwa moja kutoka London wala Minnesota. Viliupokea kupitia Kifaransa, na Kifaransa kilikuwa kimejitengenezea maneno yake. Mwaka 1955 tawi la IBM nchini Ufaransa lilimwomba mwalimu wa fasihi ya Kilatini, Jacques Perret, alitafutie jina mashine yake mpya. Akapendekeza ordinateur, neno la kale lililohusishwa na Mungu anayeupanga ulimwengu. Mwaka 1962 Philippe Dreyfus akaunda neno informatique kwa kuunganisha sehemu za maneno mawili, lile la taarifa na lile la kujiendesha. Yafaa kuzingatia kwamba taifa lenye viwanda vyake halikuona aibu kumwendea mtaalamu wa lugha na kumwomba neno.

Kifaransa kilitoa pia mbinu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa msukumo wa Wizara ya Viwanda ya Ufaransa, kikundi ambacho Hubert Tardieu alikuwa mmoja wa viongozi wake kiliunda mbinu iitwayo Merise. Mbinu hiyo ilitumia mawazo yaliyokuwa yametangulia Marekani: lile la Edgar Codd la mwaka 1970 la kuipanga data katika majedwali yanayohusiana, na lile la Peter Chen la mwaka 1976 la kuuchora ulimwengu wa taasisi kama vitu na mahusiano kati ya vitu. Merise humtaka mwanafunzi apande na kushuka ngazi: kwanza aeleze maana ya vitu bila kufikiria mashine, kisha aeleze nani atafanya nini na wapi, na mwisho kabisa ndipo aseme mambo yatahifadhiwa vipi katika mashine. Baadhi ya waalimu hulieleza jina lenyewe kwa mti uitwao merisier, cheri wa mwituni usiozaa matunda mazuri mpaka upandikizwe tawi la mti mwingine.

Mfano huo wa kupandikiza unaifaa hali ya Kongo. Vyuo vikuu vitatu vya nchi viliunganishwa mwaka 1971 kuwa UNAZA, vikatenganishwa tena mwaka 1981. Zilikuwepo pia taasisi za juu za ufundi, za biashara, za ualimu na za takwimu. Katika taasisi hizo ndimo informatique de gestion ilimoota mizizi, kwa utaratibu wa miaka 3 ya graduat na miaka 2 ya licence, mpaka utaratibu wa LMD ulipoenezwa kuanzia mwaka wa masomo wa 2021–2022. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hupelekwa katika kampuni, hospitali, shule au ofisi ya serikali; huchunguza kazi inavyofanywa, huchora michoro ya Merise, hubuni hifadhidata, kisha huja kuitetea kazi yake mbele ya waalimu. Vizazi kadhaa vya vijana vimepita katika njia hiyo, wengi wao wakiwa wamejifunza mashine kwa chaki kwa sababu mashine zilikuwa chache na umeme haukutegemewa. Hali hiyo ilikuwa ngumu, lakini ilizaa tunda moja lisilotarajiwa: aliyekosa mashine alilazimika kuielewa kazi kwanza.

7. Majina matatu na visanduku viwili

Kuna mfano mmoja unaoonyesha kwa nini tawi lililopandikizwa linahitaji kulishwa na udongo wa mahali. Ni mfano wa majina ya watu.

Programu nyingi zilizobuniwa Ulaya na Marekani humpa mtu visanduku viwili: jina lake na jina la ukoo. Mkongo ana majina matatu. Lipo jina, lipo lile ambalo Wakongo huliita postnom, na lipo jina la ubatizo. Mpangilio huu una historia. Mwaka 1972, wakati wa siasa ya uhalisia, majina ya Kikristo yaliondolewa katika karatasi rasmi na raia wakatakiwa kutumia majina ya asili. Ndipo desturi ya jina pamoja na postnom ilipoimarika. Baada ya mwaka 1990 majina ya ubatizo yalirudi waziwazi, lakini yale mawili hayakuondoka. Zaidi ya hayo, jina la Mkongo si lazima liwe la ukoo. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa, kwa kuwa mmoja alipewa jina la babu, mwingine la shangazi, na wa tatu amepewa jina wapewalo mapacha.

Sasa afikiriwe mtu wa kubuni aitwaye Ilunga Mwamba Joseph anayekabiliwa na visanduku viwili. Karani wa kwanza ataandika Ilunga kuwa jina la ukoo na Joseph kuwa jina lake, na Mwamba atapotea. Karani wa pili, katika ofisi nyingine, ataandika Mwamba kuwa la ukoo. Wa tatu ataunganisha mawili katika kisanduku kimoja. Mashine itawaona watu watatu. Siku Joseph atakapodai malipo ya uzeeni, au atakapohitaji kulinganisha cheti chake cha chuo na kadi yake ya mpiga kura, ataambiwa kwamba hayumo, au kwamba ni mwongo. Mashine haikukosea, ilifanya kama ilivyoamriwa. Kosa lilifanywa na aliyechora visanduku bila kuuliza watu wa mahali hapo huitwaje.

Hili si jambo la karatasi tu. Mtu asiyeonekana katika orodha hana mshahara, hana dawa, hana kura. Mchambuzi wa mifumo aliyelelewa Kongo, anayejua kwamba jina hubeba babu na shangazi ndani yake, analo jambo la kumfundisha mwenzake wa ng'ambo, ikiwa amefundishwa kuuthamini ujuzi huo badala ya kuuonea haya.

8. Maneno ya Kiswahili na kazi iliyobaki

Kiswahili kina akiba nzuri kwa somo hili. Neno mfumo limetokana na kitenzi kufuma: mfumo ni kile kilichofumwa, nyuzi zinazoshikana hata ukivuta mmoja, nyingine husogea. Hakuna ufafanuzi wa darasani unaoushinda huo. Neno taarifa limetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya kujua, shina lile lile lililotupa arifu na maarifa. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili anapotamka mfumo wa taarifa, ametamka ufumaji wa kujulishana, na amekaribia sana fundisho la Langefors: hakuna taarifa mpaka mtu amearifika.

Juhudi za kuunda istilahi zimekuwepo. Kwa mashine yenyewe, neno kompyuta limeshika Tanzania na Kenya. Kenya ikaongeza tarakilishi, lenye mwangwi wa tarakimu na akili. Katika miji ya Kongo wengi husema neno la Kifaransa kwa matamshi ya Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika wa Sweden, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Mradi huo ulithibitisha kile ambacho Hopper alikuwa amekionyesha miaka hamsini kabla yake: mashine haichagui lugha.

Hata hivyo, tafsiri ya maneno ya skrini ni mlango wa kwanza tu. Kazi kubwa iko katika mahojiano. Kijana anayekwenda kuchunguza ofisi huuliza maswali yake kwa Kifaransa, kwa kuwa kitabu chake ni cha Kifaransa na waalimu watakaomsikiliza husikiliza kwa Kifaransa. Mtunza ghala, muuguzi wa usiku na mama anayegawa chakula hujibu kwa Kifaransa kifupi, kile cha kumridhisha mgeni. Lakini kazi yenyewe huifanya kwa Kiswahili, na ndani ya Kiswahili hicho ndimo zilimo tofauti ndogo zinazouamua mfumo: kati ya kukopa na kuazima, kati ya deni na ahadi, kati ya mgeni na mgonjwa, kati ya aliyelipa na aliyelipiwa. Tofauti ya mwisho peke yake, inayobebwa na viambishi viwili vya kitenzi, inaweza kugawa jedwali la hifadhidata kuwa mawili.

9. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa ilianza katika majiko ya mikate ya London na kufika katika madarasa ya Kongo. Katika kila kituo jambo lile lile lilijirudia. Lyons ilifanikiwa kwa sababu ilianza kwa kuwasikiliza makarani. COBOL ilienea kwa sababu ilikubali kusema maneno ya watu wa biashara. Langefors alionyesha kwamba taarifa huzaliwa katika akili ya msomaji, na Nygaard na Mumford wakadai kwamba wafanyakazi wasiachwe nje ya mlango. Dar es Salaam, mwaka 1974, ilionyesha gharama ya kutanguliza mashine mbele ya elimu.

Yapo mambo mawili ambayo vyuo vyetu vingeweza kuyafanya bila kungoja msaada wa mbali. La kwanza ni kumruhusu mwanafunzi wa informatique de gestion aweke katika kazi yake ya mwisho faharasa ya maneno ya Kiswahili aliyoyasikia ofisini, pamoja na maana zake kama zilivyoelezwa na wenye kazi, na faharasa hiyo ihesabiwe katika alama. La pili ni kumkaribisha mwanafunzi wa lugha katika zoezi lile la ubaoni, mahali ambapo mwalimu huuliza mgonjwa ni nani. Kwa mwanafunzi wa kompyuta swali hilo lina majedwali nyuma yake. Kwa mwanafunzi wa lugha lina maana. Na kwa mtu anayesubiri kwenye benchi ya hospitali akiwa na karatasi mkononi, lina zamu yake ya kuitwa kwa jina lake.